Fomu ya kodi inanitaka niruhusu makro: nikubali?

MamaHesabu_Eldoret
Habari zenu. Ninaandika vitabu vya hesabu vya biashara ndogo hapa Eldoret: wauza mbolea, duka la vipuri, mama mwenye saluni. Laptopu yangu ni ya Linux, si Windows, na kwa kazi zangu zote inanitosha. Taabu ni ritani ya mwaka. Fomu unayopakua ni ya Excel. LibreOffice inaifungua, majedwali yanaonekana vizuri, lakini nikifika mwisho kitufe cha kuhakiki hakiitikii, na bila kuhakiki siipati ile faili ya zip ya kupandisha mtandaoni. Kwenye simu ndiyo kabisa.

Jirani yuko tayari kuniazima kompyuta ya Windows. Nayo inatoa utepe mwekundu kwamba makro zimezuiwa. Mteja wangu mmoja anasema nibonyeze tu, kila mtu hubonyeza. Mimi sitaki kubonyeza nisichokielewa ilhali PIN za watu, yaani namba zao za kodi, ziko mkononi mwangu. Ni salama? Na 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha, ndiyo hiyo.

FundiLikoni
Shikamoo mama. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kubonyeza.

Makro ni programu kamili iliyofichwa ndani ya jedwali. Kwenye fomu hiyo kazi yake ni kukagua ulichojaza na kufunga ile zip, ila programu hiyohiyo ikiandikwa na mwizi inaweza kusoma faili zako na kuzituma kwingine. Ndiyo maana mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zinazotoka intaneti. LibreOffice nayo huelewa sehemu tu ya lugha ya makro za Excel, kwa hiyo kitufe chako kugoma si kosa lako. Excel ya kwenye kivinjari pia haiendeshi makro hizo, usipoteze muda huko.

Tumia ya jirani, lakini hivi: andika anwani ya tovuti ya kodi kwa mkono wako, usifuate kiungo cha WhatsApp, na uangalie inaishia .go.ke. Pakua fomu wewe mwenyewe. Kisha bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, weka alama kwenye Unblock. Umefungulia faili hiyo moja peke yake. Usikubali mtu aingie kwenye mipangilio ya Excel aruhusu makro zote, hapo utamwachia jirani mlango wazi.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: utepe ule mwekundu hutegemea alama ambayo Windows huibandika kwenye faili iliyotoka mtandaoni. Flashi nyingi hupanga faili kwa mfumo wa zamani uitwao FAT32, na hizo haziwezi kubeba alama hiyo. Fomu ukiletewa kwa flashi, onyo lile kali huenda lisitokee kabisa. Kimya hicho kisikutulize.

Mtanga_Joburg
Huku Afrika Kusini tuliona mambo makubwa zaidi. Fomu nyingi za eFiling, mfumo wa kuwasilisha kodi mtandaoni wa SARS (mamlaka ya kodi ya huku), zilijengwa kwa Adobe Flash, programu ya kuonyesha kurasa kwenye kivinjari. Adobe walitangaza tangu 2017 kwamba Flash itakoma mwisho wa 2020, na Januari 12, 2021 ikazimwa kweli. Mwezi huohuo SARS wakatoa kivinjari chao wenyewe ili Flash iendelee kufanya kazi, nacho kilikuwa cha Windows tu. Mwenye Mac au Linux akabaki anatazama. Serikali ikiegemeza kodi kwenye teknolojia ya kampuni moja, raia ndiye anayelipia siku kampuni ikiiacha.

FundiLikoni
Kweli kabisa, na upande wa usalama kuna Ukraine. Juni 27, 2017 virusi vya NotPetya vilisambazwa kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi ambayo kampuni nyingi za huko zilikuwa nayo. Waliosasisha hawakukosea lolote. Hata Maersk, wenye meli tunazoziona hapa Kilindini, walisimamishiwa kazi bandari kadhaa duniani. Fomu ya kodi ingejazwa moja kwa moja kwenye kivinjari, cha simu au cha Linux, hata maswali haya yasingekuwepo. Naumia nikiona mlipakodi mwaminifu anafundishwa kuruhusu makro kila mwaka, halafu siku tapeli akimtumia "fomu ya marejesho" tunamlaumu kwa kubonyeza.

Kijana_wa_Saiba
Naomba kuongeza kutoka kaunta ya saiba, duka la huduma za intaneti ninakofanya kazi. Wateja wetu wengi hutuachia PIN na nywila kwenye karatasi, na wengine akaunti zao zimesajiliwa kwa barua pepe ya saiba fulani iliyofungwa zamani. Wakisahau nywila, ujumbe wa kuibadilisha unaenda huko. Mama, kabla ya kufaili, kagua barua pepe ya kila mteja wako.

MamaHesabu_Eldoret
Asanteni sana wanangu. Mwenye vipuri barua pepe si yake, nimempigia sasa hivi. Swali la mwisho: fomu ya mwaka jana ninayo tayari, imeshafunguliwa makro. Naweza kuijaza hiyo?

FundiLikoni
Hapana mama, pakua mpya. Viwango vya kodi vikibadilika na fomu hubadilika, na toleo la zamani linaweza kukataliwa unapopandisha. Ukimaliza, hamisha zip na risiti kwenye laptopu yako, ufute faili zako zote kwenye kompyuta ya jirani, na utoke kwenye akaunti kabla hujafunga kivinjari.