Ukoo wa Kibosho, kikundi cha familia

Shangazi Moshi: Hivi Happy, barakoa kwenye kipaimara hadi wakati wa kutakiana amani?? Bibi ameniuliza kwani yeye ananuka

Happy Arusha: Shangaziii nilikuwa na mafua makali, nilikuwa namlinda yeye

Shangazi Moshi: Si ungesema. Huku ukijifunika uso mbele ya ndugu tunaona unatukinai, na pombe yetu ya mbege nayo umekataa

Happy Arusha: Kata moja ya mbege wanywe watu kumi, na mafua yangu hayo 😂

Anko Deo: Watalii wa Kijapani ninaowabeba porini, mtu akiwa na mafua anavaa barakoa mwenyewe bila kuambiwa asije akawapa wenzake, kwao wameanza tangu mafua ya 1918. Kwetu imekuja na korona na ugomvi juu. 2020 unaambiwa jifukize, takwimu zikakatika Mei, halafu Julai 2021 Mama Samia anachanjwa mbele ya kamera, sasa mtu aamini lipi mbe

Mama Glory: Naomba nichomekee. Shule imeleta karatasi ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, Glory ana miaka 10, babake hataki kusikia, eti kwa nini wasichana tu

Shangazi Moshi: Hata mimi nauliza

Mama Glory: Wifi wanao wote uliwapeleka kliniki, ulishawahi kuuliza ya surua ina nini?

Shangazi Moshi: Kliniki mnaenda wamama wote, nesi unamjua, kadi inajazwa unaona. Hii mtoto anadungwa shule peke yake na ni mambo ya kizazi, binti akija kukosa mtoto ukoo ndio utasemwa

Happy Arusha: Ilianzia Kilimanjaro hii hii 2014 shangazi, nchi nzima 2018. Binti wa jirani yenu alichanjwa enzi hizo si ndio huyo ananyonyesha wa pili. Saiv ni dozi moja, miaka 9 hadi 14, kirusi chenyewe kinacholeta hiyo kansa kinapita kwenye ngono ndio maana wanawahi kabla

Mama Glory: Hapo kwenye "kabla" ndio pagumu, nikimweleza ataona nasema binti yake ataharibika

Anko Deo: Yumo humu?

Mama Glory: Alijitoa mlivyoanza michango ya Krismasi 😂😂

Shangazi Moshi: Nitampigia mimi dada yake. Nitasema ni ya kansa, basi, hayo mengine nayameza. Karatasi inarudi lini?

Mama Glory: Ijumaa

Shangazi Moshi: Weka vocha basi