Wana wa Isyesye: Kaka anataka nyumba ya kiwandani

Kaka Manchester: Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. [picha 4] Leo nimetoka zamu ya usiku nikapita kuangalia nyumba, mtaa unaitwa Ancoats, jirani kabisa na katikati ya jiji. Chumba kimoja, sebule imeungana na jiko, ghorofa ya nne. Nawaza kuinunua kwa mkopo wa benki. Semeni kabla sijasaini kitu.

Mama: Marahaba mwanangu. Hilo mbona kama godauni?

Shangazi Tukuyu: Marahaba. Hata mimi nimeona hivyo. Ukuta wa ndani haujapigwa lipu.

Kaka Manchester: Hahaha. Lilikuwa kiwanda cha pamba. Tofali wameziacha wazi makusudi, ndio urembo wenyewe, na bei inapanda.

Shangazi Tukuyu: Usipopiga lipu bei inapanda? Basi nyumba yangu ya huku ni ya kitajiri na hakuna aliyeniambia 😂

Kitinda: Shangazi weka tangazo leo leo.

Dada Wakili: Bei gani, kaka?

Kaka Manchester: Pauni laki mbili na elfu thelathini.

Mama: Kwa chumba kimoja?!

Mama: Mwanangu kwa hela hiyo unanunua mtaa mzima hapa Isyesye, Mbeya, na baadhi ya watu wake.

Baba Mkubwa Iringa: [ujumbe wa sauti 4:12]

Shangazi Tukuyu: Baba Mkubwa, bando langu halibebi sauti ya dakika nne. Kwanza huku mvua, mtandao unakuja na kuondoka.

Kitinda: Nimesikiliza, nawafupishia. Anasema kamwene wote. Amevuta picha ya tatu akaiangalia vizuri. Zile nguzo nyembamba katikati ya sebule ni chuma cha kusubu, na ule mkono wa chuma uliotokeza juu ya nguzo, karibu na dari, ndipo ilipokaa shafti. Shafti moja ndefu ilipita juu chumba kizima ikizungushwa na injini ya mvuke, mikanda ya ngozi ikashuka kwenye kila mtambo. Yeye alipokuwa kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, Dar, miaka ya sabini kila mtambo ulikuwa na mota yake, lakini makelele anasema yaleyale, mlikuwa mnaongea kwa midomo na mikono tu. Halafu dakika mbili za mwisho anakohoa na kulaani vumbi la pamba.

Baba Mkubwa Iringa: Sijalaani. Nimesema ukweli. Vijana wengi walimaliza vifua pale.

Kaka Manchester: Baba Mkubwa umenimaliza. Dalali hakujua ule mkono wa chuma ni wa nini, akaniambia ni wa kuning'inizia maua. Na hayo ya kuongea kwa midomo yalikuwepo hapa pia, wafanyakazi wa viwanda vya huku walikuwa mashuhuri kwa kusomana midomo.

Baba Mkubwa Iringa: Sakafu ni ya mbao?

Kaka Manchester: Mbao, ndiyo.

Baba Mkubwa Iringa: Inama unuse. Mbao za kiwandani zilikunywa mafuta ya mitambo miaka na miaka. Pamba, mafuta na mbao vikikutana na cheche hakuna cha kuokoa. Ndiyo maana waliobaki na akili wakahamia nguzo za chuma na matao ya tofali.

Kitinda: Sahihi mzee. Na madirisha makubwa vile si kwa ajili ya mandhari, fundi alihitaji mwanga kuona uzi uliokatika. Dari refu kwa sababu ya mitambo. Ndiyo maana majengo haya yanabadilika vizuri kuwa nyumba, mwanga upo na sakafu ilijengwa kubeba tani. Tatizo la mbao ni sauti. Jirani wa juu akivaa viatu vya kisigino utajua anaelekea chooni au jikoni.

Mama: Kuna watu juu yako tena?

Kaka Manchester: Ghorofa mbili mama. Ziliongezwa walipokarabati.

Kaka Manchester: Mtaa wenyewe una historia nzito. Mbele ya jengo unapita mfereji wa Rochdale, ulikamilika 1804, meli ndogo zilileta makaa. Jirani kuna Murrays' Mills, jengo la kwanza la 1798, la mvuke. Pamba karibu yote ilitoka ng'ambo, na kwa miaka mingi nyingi yake ilivunwa na watumwa kule Marekani. Viwanda vilipokufa mtaa ukabaki magofu na njiwa. Sasa ni mikahawa na vijana wenye mbwa wadogo. Majengo kadhaa yamefufuliwa na ubia wa halmashauri ya jiji na kampuni ya Abu Dhabi, hao hao wa Manchester City.

Kitinda: Basi mimi wa United nikija nalala hotelini.

Shangazi Tukuyu: Utalala kwenye mfereji.

Dada Wakili: Turudi kwenye kazi. Kaka, unanunua jengo au unanunua miaka?

Kaka Manchester: Miaka. Mkataba ni wa miaka 125 kuanzia 2006.

Mama: Kumbe ni kupanga! Unalipa laki mbili halafu unapanga!

Dada Wakili: Mama taratibu. Hata hati yako ya Isyesye ina miaka. Kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sisi tunapewa hati za miaka 33, 66 au 99. Na kila mwaka unalipia kodi ya pango la ardhi, tena mimi ndiye nakukumbusha. Tofauti ni kwamba kwako mwenye ardhi ni umma. Kwa kaka mwenye ardhi ni kampuni ya mtu inayotafuta faida. Kaka, kodi ya ardhi unalipa ngapi?

Kaka Manchester: Pauni 200 kwa mwaka.

Dada Wakili: Kuna kifungu cha kuipandisha? Usiniambie dalali kasemaje, nisomee mkataba. Mikataba mipya ya nyumba iliyotolewa kuanzia 30 Juni 2022 huko kwenu kodi hiyo imefutwa, lakini wako ni wa 2006, haukuguswa. Mingine ya zamani inajizidisha mara mbili kila baada ya muda fulani. Na miaka ikishuka chini ya 80 kuuongeza mkataba kunakuwa ghali, wanunuzi na benki wanaanza kukukwepa. Wewe bado uko juu ya mia, hapo sina shida.

Kaka Manchester: Nitatafuta hicho kifungu. Halafu kuna sevisi chaji, pauni 2,600 kwa mwaka.

Mama: Hiyo ya nini tena?

Kaka Manchester: Lifti, usafi wa ngazi, bima ya jengo, taa za nje, paa, na mfuko wa matengenezo makubwa.

Mama: Kwa shilingi?

Kitinda: Milioni nane na ushee mama. Kila mwaka, na mkopo unalipa pembeni.

Mama: Jamani.

Shangazi Tukuyu: Mimi paa langu likivuja namwita fundi wa hapa hapa, anapanda, nampa chai na elfu kumi, kwisha habari.

Dada Wakili: Shangazi, paa lako ni lako peke yako. Ghorofani paa ni la watu themanini na kila mmoja anaona ni la mwenzake. Hata hapa Tanzania tuna sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, unapata hati ya nyumba yako humo ghorofani, na wote mnaunda chama cha kuendesha vya pamoja. Nimeona maghorofa yenye marumaru za kutosha na lifti imekufa kwa sababu nusu ya wenye nyumba hawachangii. Afadhali walipe kuliko wasilipe. Swali ni nani anapanga kiwango na nani anakagua hesabu. Kaka omba hesabu za miaka mitatu iliyopita. Ikiwa inaruka kila mwaka, kimbia.

Baba Mkubwa Iringa: Sasa moto. Hizo ghorofa mbili za juu wamezijenga kwa nini? Picha ya kwanza naona kama mabati ya rangi ya majivu.

Kitinda: Hapo ndipo na mimi nilitaka kufika. Kaka unaukumbuka moto wa Grenfell, London, 14 Juni 2017? Ghorofa 24, walikufa watu 72. Nje walikuwa wamebandika paneli za alumini zenye plastiki katikati. Moto ulianza kwenye friji ya mtu mmoja jikoni, ukatoka dirishani, ukapanda na zile paneli.

Mama: Yesu wangu.

Kitinda: Baada ya pale majengo mengi Uingereza yalionekana yamevaa vitu vya namna hiyo, watu wakabaki na nyumba zisizouzika. Kuna fomu ya ukaguzi wa kuta za nje, EWS1. Tofali la zamani haliungui, mimi nisingewaza. Zile za juu ndizo zinanipa wasiwasi.

Kaka Manchester: Dalali kasema fomu ipo, atanitumia wiki ijayo.

Baba Mkubwa Iringa: Kama ipo inatumwaje wiki ijayo? Kitu kilichopo kinatumwa leo.

Shangazi Tukuyu: Ndaga fijo, asante sana Baba Mkubwa 👏🏾

Mama: Mwanangu sisi soko la Mwanjelwa lilivyoungua tuliona. Watu walitoka na nguo walizovaa. Usiingie humo bila karatasi.

Kaka Manchester: Sawa mama. Bila fomu sisaini.

Kitinda: Ila jamani nyie mnamvunja moyo. Mimi napenda wazo lenyewe. Nikitoka chuo hapa Iyunga kila siku naona maghala marefu na reli ya TAZARA, nawaza siku moja watu waishi humo. Dar si wamefanya Kawe? Eneo lile la Tanganyika Packers walipokuwa wanasindika nyama, NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, wameweka maghorofa.

Dada Wakili: Kawe walitumia ardhi, hawakulala kwenye machinjio. Na ukitaka kugeuza ghala kuwa nyumba unaanza na kubadili matumizi ya ardhi halmashauri, halafu mtu akupimie udongo. Kiwanda kinaacha rangi, mafuta na dawa chini. Huwezi kupanda mchicha hapo kwa furaha. Na nani Mbeya atalipia lifti wakati kiwanja cha kujenga bado kinapatikana Uyole?

Kitinda: Baridi ya Julai wataipenda lifti.

Dada Wakili: Nimeongea na mwenzangu wa sheria aliyeko huko kwa kaka, kuna jambo lazima mama alisikie. Mama, ile nyumba ya Isyesye si ulisema unataka kuihamishia jina la kaka mwezi huu?

Mama: Ndiyo. Mzee aliacha neno. Nimeshaongea na mwenyekiti wa mtaa, na mthamini alikuja, kasema milioni mia na hamsini.

Dada Wakili: Simamisha.

Mama: Kwa nini tena?

Dada Wakili: Uingereza mtu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza halipi kodi ya ununuzi mpaka bei ya pauni laki tatu. Kwa hiyo kaka leo analipa sifuri. Lakini "mara ya kwanza" maana yake hajawahi kumiliki nyumba popote duniani, hata ya kurithi. Tukimwandikia Isyesye kabla hajanunua, sifa hiyo imekwenda. Na si hiyo tu. Ukiwa tayari na nyumba nyingine yenye thamani ya kuanzia pauni 40,000, iwe Mbeya iwe mwezini, wanaongeza asilimia 5 ya bei nzima. Nimepiga hesabu, pamoja na kodi ya ununuzi ya kawaida ingekuwa pauni 13,600.

Kitinda: Zaidi ya milioni arobaini!

Kaka Manchester: Sikuwa na habari kabisa. Dada Mungu akubariki.

Shangazi Tukuyu: Serikali ya huko imejuaje nyumba ya Isyesye?

Dada Wakili: Shangazi, anajaza tamko na kusaini. Akidanganya ni kosa, na yuko huko kwa viza ya kazi.

Baba Mkubwa Iringa: Asidanganye. Jina la ukoo halinunuliwi kwa milioni arobaini.

Mama: Mimi nilitaka nikifa msigombane.

Dada Wakili: Hatutagombana mama. Hati ibaki kwa jina lako, mimi nakuandikia wosia vizuri, mashahidi wapo, nakala moja inakaa kwa Baba Mkubwa. Jumatatu nakuja Isyesye na karatasi. Kiwanja kitupu cha Uyole, hata kikiwa kwa jina la kaka, hakina shida, hicho si nyumba, lakini na chenyewe asijenge kwa jina lake kabla ya kununua huko.

Mama: Na mwenyekiti nimwambie nini? Soda ameshakunywa.

Shangazi Tukuyu: Mwambie soda ilikuwa ya ujirani.

Kaka Manchester: Basi naomba nifunge hivi. Jumamosi narudi kuiona tena mchana, na mita ya kupimia unyevu. Naomba mkataba mzima, hesabu za miaka mitatu, na EWS1 mkononi. Wakileta vyote natoa laki mbili na ishirini, si thelathini. Wakigoma naachana nayo, kuna nyingine mbili mtaa huo huo.

Baba Mkubwa Iringa: Na unuse sakafu.

Kaka Manchester: Nitainama mzee wangu mbele ya dalali.

Mama: Nina swali moja. Hiyo lifti ikiharibika anayelipa ni aliyeiharibu?

Kaka Manchester: Hapana mama, wote. Inatoka kwenye ile sevisi chaji.

Mama: Hata wa chini kabisa, asiyepanda lifti?

Kaka Manchester: Hata yeye. Kwa mkataba huu ndivyo.

Mama: Basi wa chini anaibiwa. Usinunue ya chini.

Shangazi Tukuyu: Hilo limepita. Sasa nani anashuka stendi ya Nane Nane kesho? Nina viroba viwili vya parachichi vya Mama na basi linafika saa nne.

Kitinda: Mimi nina kipindi.

Shangazi Tukuyu: Kipindi gani saa nne, wewe njoo.