Kikundi cha familia: safari ya Chui

Rehema: Shikamooni wakubwa. Tiketi ya Ulaya imetoka, naondoka tarehe 28! Na mbwa wangu Chui naenda naye, nimeshamnunulia begi la kumbebea 🐕

Mama: Marahaba mwanangu. Mungu akutangulie.

Mjomba Idi: Marahaba, hongera. Shirika la ndege umeliambia una mbwa?

Rehema: Bado Mjomba. Nilidhani nitalipia pale pale uwanjani.

Mjomba Idi: Hapana mwanangu. Ndege hupokea wanyama wachache tu, nafasi yake lazima iombwe mapema. Na hilo begi halitafaa. Wengi wanaoruhusu mnyama akae na abiria wanataka yeye na begi lake wasizidi kilo 8 hivi. Chui ana ngapi?

Rehema: 13 😔

Mjomba Idi: Basi ni kizimba, chini kwenye mizigo. Usiogope, sehemu wanayowekwa wanyama ina hewa na joto.

Shangazi Mwana: Mpeni kidonge cha usingizi, maskini, alale mpaka afike.

Salim: Shangazi samahani, hicho ndicho cha hatari. Kinashusha presha na kuvuruga pumzi, na kule hakuna wa kumwangalia. Mashirika mengi yanamkataa mnyama aliyepewa dawa.

Shangazi Mwana: Loo, sikujua. Asipewe kabisa.

Mjomba Idi: Rehema, chipu ya utambulisho, ile ya chini ya ngozi, kawekwa lini?

Rehema: Juzi. Chanjo ya kichaa cha mbwa alichomwa mwezi wa tatu.

Mjomba Idi: Hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi. Umoja wa Ulaya wanataka chipu kwanza, chanjo baadaye. Iliyotangulia chipu haihesabiwi. Mimi nilisimama kaunta na kitabu cha chanjo kimejaa mihuri, tukarudishwa, mimi na mbwa wangu. Aliyemchanja hakuniambia neno.

Rehema: Kwa hiyo achomwe upya kesho?

Mjomba Idi: Kesho. Halafu, kwa kuwa nchi yetu haimo kwenye orodha yao ya nchi zisizodaiwa kipimo cha damu, mnasubiri siku 30 ndipo atolewe damu ipimwe kinga. Kinga ikifika uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita au zaidi, mnahesabu miezi 3 tangu siku alipotolewa damu.

Rehema: Hiyo ni miezi minne! Mjomba, huyu analala miguuni kwangu kila siku. Namwachaje?

Mama: Atakaa kwangu.

Salim: Mimi nitamleta ikitimia.

Mjomba Idi: Ukimleta wewe, Rehema naye awe amesafiri ndani ya siku 5 kabla au baada. La sivyo anaingia kwenye masharti ya wanyama wa biashara. Afadhali mwenyewe aje likizo amchukue. Na cheti cha daktari wa mifugo wa serikali kisichukuliwe mapema, kwa kuingia kinadumu siku 10.

Rehema: Likizo ni Desemba. Inatosha. Nitakuja.

Salim: Nimempima sasa hivi kwa futi ya fundi. Kwa sentimita: pua hadi shina la mkia 58, chini hadi kiwiko 24, mabega 18, akisimama hadi ncha ya sikio 54.

Mjomba Idi: Urefu ni 58 na nusu ya kiwiko, 70. Upana mabega mara mbili, 36. Kimo 54 na unene wa tandiko juu yake. Kizimba kisipungue hapo, asimame na kugeuka bila kugusa juu. Kinunuliwe wiki hii, mlango uwe wazi, ale humo kila siku. Desemba kiwe chumba chake.

Rehema: Ahsante Mjomba. Nalia lakini nimeelewa.

Mama: Rehema, ile fulana uliyovaa leo usiifue. Niachie niitandike humo ndani.