Eti "una vyumba vingapi?" Yule muuza bafle, yaani spika, leo kanimaliza!

Yule jamaa mnamjua, msijifanye. Yule wa butiki ya kioo cheusi, anayekaa chini ya feni hata Julai, Lubumbashi nzima ikiwa imevaa makoti. Huyo huyo.

Nimetoka kwake sasa hivi, vidole bado vinatetemeka, mnisamehe herufi. Nilikwenda kuulizia bafle za wifi, zile unaweka moja sebuleni, nyingine jikoni, wimbo unakufuata mpaka bafuni. Za kampuni ya Sonos, aina ya Era 100. Moja tu. Dola 520! Nikamwambia kwa adabu: Kaka, hii ilitoka mwaka 2023 kwa dola 249 kule Marekani. Akanitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kwenye kofia, kisha mbele ya mke wangu na wateja wawili akasema:

"Papa, hii ni ya nyumba nzima. Wewe una vyumba vingapi?"

UNA VYUMBA VINGAPI.

Mke wangu alicheka. Hilo tutaliongea nyumbani, humo humo kwenye vyumba.

Sasa sikieni. Boksi lina kibandiko cha 520. Nikakikwangua kwa ukucha: chini, 450. Chini yake tena, 380. Nilikuwa nakaribia kufika 249 akaninyang'anya boksi. Kile cha juu wino ulikuwa mbichi, nadhani alikiandika nikiwa bado naegesha pikipiki. Na mtu asiniletee habari ya duane, ushuru wa forodha, ya mpakani Kasumbalesa. Duane gani inalipwa mara tatu na boksi halijashuka kwenye rafu? Yuko peke yake, basi bei ni vile alivyoamka. Angekuwepo wa pili ng'ambo ya barabara, leo ningeitwa bosi na kupewa kiti.

Vyumba vingapi! Kwani amekuwa mpima viwanja?

FundiWaya: Pole sana. Ila hata kwa Sonos wenyewe bei zinapanda. Spika yao nyingine, Sonos One, ilianza kwa 199 mwaka 2017, Septemba 2021 ikawa 219. Wenye mfuko mwembamba walikimbilia spika ya Symfonisk ya IKEA, wale wauza samani, 2019, dola 99, ndani ni ufundi wa Sonos hao hao. Ungemwuliza hiyo.

Mwenye uzi: Nilimwuliza! Akasema IKEA ni watu wa vitanda. Halafu akarudia vyumba.

Mama_Mikate: Lakini hujajibu. Vingapi?

Mtoto_wa_Kamalondo: 😂😂😂 Wimbo utamfuata wapi huyu? Akikohoa kitandani, aliye jikoni anamwambia pole. Sistemu anayo tayari, tena bila wifi.

Mwenye uzi: Viwili na sebule. NA baraza. Suala ni heshima!

Mama_Mikate: Baraza haihesabiwi.

FundiWaya: Tatizo la soko hili ni wakubwa. Google na Amazon wanauza spika zao kwa bei ya chini ili wakuingize kwenye huduma zao. Mkuu wa Sonos alikwenda kulia mbele ya wabunge wa Marekani Januari 2020, na mwezi huo huo kampuni yake ikamshtaki Google kwamba ameiga ufundi wao. Januari 2022 Google ikabidi waondoe namna ya kupandisha sauti ya spika zote kwa mpigo...

Mama_Mikate: Fundi, tuko kwenye baraza hapa.

Katuba_Moja: Mnagombania bafle, na umeme? Hiyo Era haina betri. Ili wimbo ukufuate, inataka wifi na umeme vikutane siku moja. Kwetu giza tangu Jumanne. Na yule anayekusanya pesa ya transfo, transfoma ya umeme ya mtaa, mnamjua. Mara tatu nimetoa falanga, transfo "iko njiani". Inatembea kwa magoti?

Mtoto_wa_Kamalondo: Yule wa transfo!! Kwetu alikuja saa ya chakula, akanawa mikono kabla ya kusalimia. Akala fufu, akachukua pesa, akaomba na dagaa ya kufunga.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye vibandiko. 520, 450, 380...

Katuba_Moja: Risiti yangu, yule wa transfo aliiandika kwenye karatasi ya mikate. Ina mafuta, namba haisomeki.

Mama_Mikate: Subiri. Karatasi ya bluu?

Katuba_Moja: Ya bluu.

Mama_Mikate: Ni ya kwangu. Na hiyo mikate alichukua kwa deni.