Tupeane uzoefu: Je, baiskeli ya mlimani ya bei kubwa inaonyesha ustadi wa anayeiendesha?

Mleta mada, Moshi mjini

Habari za wakati huu, ndugu zangu waendesha baiskeli wa Moshi, Arusha na vitongoji vyake. Kikundi chetu hupanda Uru siku za Jumapili, na kuna tabia iliyoota mizizi bila mtu yeyote kuipanga: mgeni akifika na baiskeli yenye fremu ya kaboni na shokapu mbele na nyuma, huwekwa mbele ya msafara bila kuulizwa lolote, ilhali kijana aliyekuja na baiskeli ya mtumba hupangwa mwisho na kuonywa mapema kuhusu mteremko. Baiskeli za daraja la juu kabisa za aina hii huuzwa ughaibuni kwa dola 10,000 na zaidi, fedha ambazo kwetu ni takriban shilingi milioni 25, kwa hiyo naelewa kwa nini watu hudhani kwamba hakuna anayetoa kiasi hicho kabla hajaujua mchezo wenyewe. Mimi nina shaka. Naomba kila mmoja aeleze alichokiona kwa macho yake njiani, na si sifa za watengenezaji, maana hizo tunaweza kuzisoma wenyewe.

Mwongoza wageni, Kilema

Asante kwa mada, ndugu. Njia ya Kilema ndiyo inayotumiwa na wapanda baiskeli ndani ya Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro kuelekea kambi ya Horombo, kwenye mwinuko wa mita 3,720, kwa hiyo nimewaona wageni wenye vyombo vya kila bei. Wakati wa kupanda, bei husaidia kiasi, kwa sababu kilo chache zilizopunguzwa kwenye fremu huhisiwa miguuni. Hata hivyo oksijeni mtu anayoivuta pale Horombo ni takriban theluthi mbili ya ile ya pwani, na hakuna duka linalouza mapafu.

Ustadi huonekana wakati wa kushuka. Anayejua husimama juu ya pedeli zilizo sambamba na ardhi, hulegeza viwiko, husogeza makalio nyuma ya kiti mteremko unapozidi ukali, na macho yake huwa mbali, kwenye kona ijayo. Asiyejua hukaa kitini, hulikodolea macho gurudumu la mbele na kukaza breki ya nyuma peke yake mpaka tairi linaburuzika. Watu wa aina zote mbili nimewaona juu ya baiskeli za bei ileile. Wengi wetu tumesikia pia habari za binamu wawili Waingereza, Nicholas Crane na Richard Crane, ambao katikati ya miaka ya 1980 walifika na baiskeli zao hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, na sehemu nyingi za njia iliwabidi wazibebe. Huko juu sifa ya kwanza ya baiskeli ni kubebeka.

Fundi baiskeli, Ngarenaro, Arusha

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari zenu. Baiskeli nyingi zinazoletwa kwangu ni za mtumba, lakini zile za gharama huja pia, hasa mvua zinapoanza. Bei ya baiskeli hunieleza kipato cha mwenyewe, au pengine ukarimu wa shemeji yake aliyeko Ulaya. Nikitaka kumjua kama anajua kuendesha, hutazama sehemu zilizolika, na namna zilivyolika.

Huanza na matairi. Tairi la nyuma likiwa na kipara sehemu moja na meno mazima sehemu nyingine, mwenyewe ni mtu wa kufunga gurudumu na kuburuzika. Tairi la mbele ambalo meno ya pembeni yamechakaa kidogo pamoja na yale ya katikati ni la mtu anayeilaza baiskeli kwenye kona. Yakiwa yamelika ya katikati peke yake huku ya pembeni yangali mapya, baiskeli hiyo imeishi kwenye lami ya Njiro, hata kama mwenyewe anakuhadithia mawe ya Oldonyo Sambu. Kisha hutazama diski za breki. Diski iliyogeuka rangi ikawa na ubluu imepata joto kupita kiasi, na mara nyingi hiyo hutokana na mtu kushikilia breki mfululizo tangu juu hadi chini, badala ya kubana kwa nguvu kabla ya kona na kuachia. Pedeli na krenki, yaani vyuma vinavyoshika pedeli, zikiwa zimechubuliwa na mawe upande wa chini, nazo hueleza kwamba mwenyewe hasawazishi pedeli kama alivyoeleza mwongoza wageni.

Kuna jambo jingine ambalo wenye baiskeli za bei kubwa huwa hawalijui, nalo ni kwamba shokapu ya hewa inatakiwa kujazwa kulingana na uzito wa mwendeshaji. Kwenye bomba la shokapu huwa kuna pete ndogo ya mpira inayosukumwa kila shokapu inapobonyea, na hubaki pale ilipofikishwa, hivyo fundi huona ni kiasi gani shokapu imetumika. Aliwahi kuja bwana mmoja akilalamika kwamba baiskeli yake, ambayo ningeweza kununua bodaboda kadhaa kwa bei yake, inamtupa kwenye mawe. Pete ilikuwa imesogea kidogo sana. Shokapu ilikuwa imejazwa hewa ya mtu mzito kuliko yeye kwa mbali, na tangu ainunue alikuwa akiendesha chombo kigumu kama gogo huku akiamini kwamba ndivyo baiskeli nzuri zilivyo. Dawa yake ilikuwa pampu tu. Wiki hiyohiyo nilikuwa na Phoenix ya kijana anayeshusha maziwa kutoka Ng'iresi, na mipira yake ya breki ilikuwa imelika sawasawa mbele na nyuma, spoku zote zimekazwa, rimu haina hata dalili ya kugonga jiwe, na hiyo ni barabara ambayo wengi wetu tungeshuka tukikokota baiskeli kwa mkono.

Mkazi wa Kibosho

Fundi, maelezo yako nayaheshimu, ila naomba nikupinge kwa upande mmoja. Mimi ni mwanamke mwenye mwili mdogo, na nilianza na baiskeli ya zamani yenye rimu za chuma. Wenye rimu hizo wanajua kwamba zikilowa, mipira ya breki huteleza juu yake na mtu hubana kwa vidole vyote bila chombo kusimama, na huku kwetu udongo mwekundu ukishapata mvua, barabara ya kushuka mjini haina huruma. Nilipopata baiskeli yenye breki za mafuta, ambazo kidole kimoja kwa kila mkono kinatosha, vidole vilivyobaki vikapata nafasi ya kushika usukani, na macho yangu, ambayo awali yalikuwa yamefungwa na hofu kwenye mita chache za mbele, yakaanza kutazama mbali kama mwongoza wageni anavyoshauri. Kwa hiyo katika habari yangu chombo kilitangulia na ustadi ukafuata, na sidhani kama ningejifunza kwa chombo kile cha kwanza, hata ningefanya mazoezi mpaka leo.

Jingine ni hili: nikifika mahali na baiskeli hii, hakuna anayeniweka mbele ya msafara. Huulizwa ni ya nani, au kama mume wangu anafuata nyuma. Ndipo nikaona kwamba kanuni anayoisema mleta mada, ya kupima ustadi kwa bei, hutumika kwa wanaume peke yao.

Mwalimu, Tengeru

Nachangia kwa ufupi. Mchezo huu ulipokuwa ukianza huko Marin County, California, katika miaka ya 1970, vijana walishuka milima kwa baiskeli nzito za kizamani zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Kwenye mteremko uliopewa jina la Repack, ambako mashindano yalianza mwaka 1976, breki hizo zilipata joto hadi grisi ikaungua na kutoa moshi, na baada ya kushuka ilibidi kufungua kitovu cha gurudumu na kupaka grisi mpya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaanza kujenga fremu mahsusi kwa kazi hiyo. Nadhani hapo hoja ya dada wa Kibosho na ya fundi zinakutana, kwani walioboresha chombo ni wale waliokuwa wameshajua kwa miili yao ni sehemu gani inayowaangusha.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Dada wa Kibosho, hilo la mwisho limenigusa, na Jumapili nitalifikisha kwenye kikundi kama ulivyoliandika. Nimependekeza tuache kupangana hapo tunapokutania. Tushuke kwanza kipande kifupi cha chini, kisha nafasi zifuate tulichokiona. Fundi, nina swali la kiutendaji: mwenzetu mwenye baiskeli ya mtumba ana akiba ndogo. Je, asubiri anunue nyingine, au aitie hiyohiyo kwenye ile aliyonayo?

Fundi baiskeli, Ngarenaro, Arusha

Dada wa Kibosho nakukubalia kuhusu breki, na ndiyo maana ushauri wangu unaanza nazo. Kama fremu haina ufa na magurudumu yanazunguka bila kuyumba, asinunue nyingine. Kwanza abadilishe pedi na nyaya za breki. Pili anunue matairi mawili mapya yenye meno ya kutosha, na likipatikana moja tu lililo bora zaidi alifunge mbele, kwa sababu tairi la nyuma likiteleza mtu hujirudisha, lakini la mbele likiteleza huwa ameshaanguka. Kama gia zinakubali, hata kwa kelele, aziache mpaka apate fedha nyingine. Shokapu ya mbele ya baiskeli nyingi za mtumba huwa imeshakufa, na kuifufua hugharimu kuliko faida yake. Aende nayo hivyohivyo na apunguze upepo kidogo kwenye matairi. Aje nayo Jumamosi mchana, asubuhi huwa na foleni.