Kidhibiti cha kuunganisha ripita za Mbeya na Iringa

Fundi wa Uyole: Habari za jioni, ndugu zangu. Tunakusudia kuunganisha ripita yetu ya Mbeya (kituo kinachopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena) na ya wenzetu wa Iringa kwa intaneti, kwa kuwa milima inazuia mawimbi ya redio ya VHF. Je, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye AllStarLink, programu ya kuunganisha redio kwa intaneti, inatosha kuwa kidhibiti?

Mwenyeji wa Mafinga: Inatosha, ndugu. AllStarLink imejengwa juu ya Asterisk, programu ya kuendeshea simu. Ongezeni kiunganishi cha sauti cha USB chenye waya wa kuwasha kisambazaji na waya wa kupokea taarifa kwamba kipokezi kimepata mawimbi. Msitegemee sauti pekee iwashe kisambazaji, kwani silabi za mwanzo hukatika.

Mzee wa Tukuyu: Wanangu, nasisitiza jambo moja. Ripita huendelea kurusha kwa sekunde chache baada ya mzungumzaji kunyamaza; kwa hiyo, mkitumia redio ya pembeni inayoisikiliza na kupeleka sauti yake kwenye intaneti, mkia huo wa urushaji utavuka hadi Iringa, Iringa nayo itarudisha wake, na ripita hizo zitaamshana bila kikomo. Ripita itoe toni ya CTCSS (mlio mzito wa chini unaoambatana na sauti ili kufungua kipokezi) wakati tu kipokezi chake kina mawimbi, na redio ya pembeni ifunguke kwa toni hiyo pekee.

Fundi wa Uyole: Shikamoo, mzee. Nashukuru sana, tutaanza na toni.