Muwasho wa ini na naltreksoni

Mama nyongo yake haishuki vizuri, ini limechoka. Usiku anajikuna viganja na nyayo mpaka damu. Vidonge vya mzio wapi! Daktari ametaja naltreksoni. Si ya kuachisha pombe hiyo?

— Pole, dada. Mwili hujitengenezea afyuni yake, kama enkefalini, ya kutuliza maumivu. Nyongo ikikwama, afyuni hiyo huzidi kwenye damu, na inachangia muwasho, kama mofini, dawa ya maumivu itokanayo na afyuni, inavyowasha baadhi ya watu. Naltreksoni huziba vipokezi vya afyuni, yaani sehemu za seli inakojishika ili ifanye kazi.

— Aanze na dozi ndogo. Mume wangu alianza na kidonge kizima: jasho, kutetemeka, tumbo kukata, kama aliyeacha unga ghafla. Mama anameza tramadoli au kodeini? Nazo ni za jamii ya afyuni, hazichanganywi na naltreksoni.

— Tramadoli, ya mgongo! Nampigia daktari sasa hivi.